Barua Iliyorudishwa: Karthago na Roma Zilivyoshikamana, Mwaka 250 hadi 252

Kisa na sababu ya kukichagua

Mapema mwaka 250 shemasi mdogo wa Karthago, mji uliokuwa jirani na Tunis ya leo, alirudi nyumbani kutoka Roma akiwa na barua mbili. Moja ilimweleza Cyprian, askofu wake, jinsi Fabian, askofu wa Roma, alivyokufa. Ya pili iliwaendea makasisi wa Karthago, lakini haikuonyesha wazi imeandikwa na nani wala anaandikiwa nani, na ndani yake mlikuwa na maneno ya kumchoma mchungaji anayeliacha kundi. Cyprian aliisoma akiwa mafichoni. Mwandiko ulimtia shaka, maneno yakamtia shaka, hata karatasi yenyewe. Akairudisha Roma ileile ya asili, siyo nakala, akawaambia waangalie kama mwandiko na sahihi ni vyao, kisha wamjibu.

Ukiuliza makanisa ya kwanza yaliunganaje, jibu la haraka ni "kwa barua". Ni kweli, ila ni nusu ya jibu. Barua mtu yeyote anaweza kuiandika, na katika kisa hiki waliandika wote: wenye haki, wenye hila, na waliokuwa hawajajua washike upande upi. Kazi iliyowachosha viongozi ilikuwa kujua barua ipi ipokelewe na ipi irudi ilikotoka. Kisa cha Karthago na Roma kinafaa kufundishia jambo hilo kwa kuwa mafaili yake yamebaki. Mkusanyo wa barua za Cyprian una barua zipatazo 80, na ndani yake zimo pia za watu waliomwandikia.

Maaskofu na viongozi wa pande zilizogombana tumewataja, maana majina yao yamo katika historia ya wazi. Wabebaji wa barua, wafungwa na waumini wa kawaida, hasa walioanguka wakati wa mateso, tumewaacha bila majina ingawa baadhi yao wametajwa katika barua zenyewe.

Hali ilivyokuwa

Mwishoni mwa mwaka 249 Kaisari Decius aliamuru wakazi wa dola yake watoe sadaka kwa miungu. Aliyetoa alipewa cheti chenye ushuhuda wa maofisa waliomwona. Vyeti vya namna hiyo zaidi ya 40 vimefukuliwa Misri, vingi vikiwa vya Juni na Julai 250. Fabian alikufa tarehe 20 Januari 250, na kiti chake kikakaa wazi miezi 14 hivi, kanisa la Roma likiongozwa na makasisi na mashemasi kwa pamoja. Karthago askofu alikuwa hai, lakini alikuwa amejificha. Cyprian hakuwa mkongwe: alibatizwa miaka michache tu kabla, na uaskofu alikuwa ameushika kwa muda mfupi.

Basi miji miwili mikubwa ya Wakristo wa magharibi ikawa haina kichwa mahali pake. Huko Karthago watu wengi walikwenda kutoa sadaka, wengine wakatoa rushwa wakapata cheti bila kuugusa ubani. Waliokataa wakafungwa. Hawa waliitwa waungamadini, na heshima yao mbele ya waumini ilipanda kuliko ya kasisi yeyote aliyekuwa huru. Swali lililozivuruga jumuiya zote likawa moja: walioanguka warudishweje, na nani mwenye mamlaka ya kuwarudisha?

Vyombo vya mawasiliano

Posta ya serikali ilikuwepo, lakini ilikuwa ya maofisa. Mkristo alitegemea mtu anayesafiri. Kati ya Karthago na Ostia, bandari ya Roma, bahari ni fupi. Plinius Mzee, mwandishi wa Kirumi, aliandika kwamba kutoka Afrika hadi Ostia chombo hufika siku ya pili. Lakini hiyo ni pepo zikikubali, na kuanzia Novemba hadi mapema Machi manahodha wengi hawakuthubutu kutoka. Aliyekulia pwani, anayejua maana ya kungoja kaskazi, hahitaji maelezo hapa.

Barua ilikuwa na sehemu ambazo kila moja ilikuwa kinga. Mwanzoni jina la mwandishi na la mwandikiwa. Katikati maneno, kwa kawaida yameandikwa na karani kwa imla. Mwishoni salamu ya kuaga, ambayo mwenye barua aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, na hiyo ndiyo sahihi Cyprian aliyotaka Roma waiangalie. Juu ya hayo kulikuwa na mbebaji, ambaye mara nyingi alitajwa ndani ya barua kwa jina na cheo: "kwa mkono wa fulani, akoliti", yaani mtumishi wa kanisa wa ngazi ya chini. Mbebaji hakuwa tarishi tu. Aliulizwa maswali, akaeleza yaliyoachwa nje ya maandishi, akaonwa anasitasita wapi. Barua ikishapokelewa ilisomwa kwa sauti mbele ya makasisi na waumini, ikanakiliwa, na nakala ikaendelea kwa jirani.

Cyprian alishika kanuni kwamba barua za kanisa zibebwe na watumishi wa kanisa. Kanuni ni nzuri, ila ina gharama. Wengi wa watumishi wake walikuwa hawapo, na waliobaki hawakutosha hata kwa ibada za kila siku. Ilimlazimu, akiwa mafichoni, aweke msomaji mmoja na shemasi mdogo mmoja ili apate watu wa kutuma, kisha awaandikie makasisi wake kuwaeleza kwa nini amefanya hivyo bila kukaa nao kikao. Roma ilikuwa na nafasi zaidi. Kwa hesabu iliyoandikwa mwaka 251, kanisa la Roma lilikuwa na makasisi 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7 na akoliti 42. Akoliti 42 maana yake kuna mtu wa kutumwa leo jioni.

Mfululizo wa matukio

*Mwaka 250: uvumi na nakala 13.* Kifo cha Fabian kilifika Karthago kwanza kama uvumi usio na uhakika. Barua ya Roma ndiyo iliyougeuza kuwa habari. Upande wa pili mambo yalienda kinyume: Roma walikuwa wamepata habari za Cyprian kwa maneno ya watu, na picha waliyoijenga ilikuwa ya mchungaji aliyekimbia mbwa mwitu. Ile barua isiyo na majina ilitoka katika picha hiyo.

Baada ya kuirudisha barua, Cyprian hakuishia kujitetea kwa maneno. Aliwaandikia makasisi wa Roma kwamba amegundua mambo ya kwake yanafikishwa huko si kwa ukweli wala kwa uaminifu, kisha akaambatanisha nakala za barua 13 alizowaandikia watu wake tangu aondoke: kwa makasisi, kwa wafungwa, kwa waumini. Tarehe tofauti, shughuli tofauti, sauti ileile. Mtu anayesoma barua 13 mfululizo anaona mwenyewe kama mwandishi amelitupa kundi au analiongoza akiwa mbali.

*Hati zisizo na majina.* Wakati huohuo waungamadini wa Karthago walianza kutoa hati za amani, yaani maandishi ya kumwombea aliyeanguka apokelewe tena. Baadhi ya hati ziliandikwa hivi tu: fulani apokelewe pamoja na watu wake. "Watu wake" ni akina nani? Cyprian alipiga hesabu mara moja: hati kama hiyo inaweza kuleta mlangoni watu 20, 30 au zaidi, wote wakidai ni ndugu, mashemeji, watumwa walioachwa huru na watu wa nyumbani. Muungamadini mmoja alikuwa akiziandika kwa mafungu, kwa mkono wake, kwa jina la mfiadini, na nyingine kwa jina la kijana asiyejua kuandika. Hatimaye ikatoka barua kwa jina la waungamadini wote ikimwarifu Cyprian kwamba wamewapa amani walioanguka wote ambao mwenendo wao tangu siku ile utakubalika kwake, na ikimtaka awajulishe maaskofu wengine pia. Mistari michache tu, na kila mji uliopokea nakala ukawa na fujo mkononi.

Cyprian alijibu kwa mambo mawili. Aliwataka waandike majina ya watu wanaowafahamu wenyewe, na toba yao wameiona. Halafu akazipeleka nakala za hati hizo na barua zilizohusu jambo hilo Roma.

Roma wakajibu, na mojawapo ya majibu yao liliandikwa na kasisi msomi aliyeitwa Novatian. Walikubaliana na Cyprian: shauri kubwa lingoje amani na kikao cha maaskofu, ila walio kufani wasaidiwe. Jibu hilo lilinakiliwa na kusambazwa makanisa mengi. Karthago, Cyprian aliagiza barua yake kwa Roma na jibu lake zisomwe, na kwamba askofu, kasisi au shemasi yeyote mgeni atakayetaka kuzinakili aruhusiwe. Msomaji mmoja alipewa kazi hiyo kabisa: anayetaka nakala, apewe nafasi aandike.

*Mwaka 251: maaskofu wawili, barua mbili.* Decius alilegeza mkono, na baada ya Pasaka Cyprian akarudi Karthago. Maaskofu wa Afrika walikuwa wanakusanyika kwa kikao walichokingoja mwaka mzima. Hapo zikaingia habari za Roma: Cornelius amewekwa kuwa askofu. Nyuma yake yakaja maandishi ya upande wa pili yenye tuhuma kali juu yake, na punde wajumbe wanne wakitangaza kwamba askofu wa Roma ni Novatian. Ndiye yule aliyekuwa ameiandika barua ya Roma mwaka uliotangulia, kwa hiyo jina lake Karthago lilijulikana na kuheshimiwa.

Uamuzi mgumu kuliko wote ulifanyika hapa. Kwanza, barua ya Cornelius ilisomwa hadharani, lakini maandishi ya matusi hayakusomwa. Cyprian aliona haifai mbele ya altare na mkutano wa watu. Wajumbe wa Novatian walidai mashtaka yao yasikilizwe na mkutano, wakakataliwa, wakaanza kupita nyumba kwa nyumba na mji kwa mji. Pili, maaskofu wawili wa Afrika, Caldonius na Fortunatus, walitumwa Roma wakaone kwa macho na kujaribu kupatanisha. Tatu, ilikubaliwa kwamba hadi warudi, makanisa ya Afrika yasimwandikie Cornelius kama askofu. Barua za Roma ziendelee kuandikwa kwa "makasisi na mashemasi", kama ilivyokuwa wakati kiti kiko wazi.

Kabla wale wawili hawajarudi, maaskofu wengine wawili waliokuwa Roma walifika na ushahidi: Cornelius aliwekwa na maaskofu 16, kwa uchaguzi wa halali. Shauri likaisha. Wajumbe wa Novatian wakanyimwa ushirika, na barua za kumtambua Cornelius zikaanza kukusanywa kutoka majimbo yote ya Afrika.

*Hadrumetum.* Katikati ya kipindi cha kungoja lilitokea jambo dogo lililobakiza kidonda. Kanisa la Hadrumetum, ndiyo Sousse ya leo nchini Tunisia, lilikuwa limeshamwandikia Cornelius kwa jina la askofu wao. Kisha Cyprian na mwenzake wakapita hapo, askofu mwenyeji akiwa safarini, wakawaeleza makasisi msimamo wa kungoja. Barua iliyofuata kutoka Hadrumetum haikuandikwa tena kwa Cornelius bali kwa makasisi na mashemasi wa Roma. Hebu jiweke mahali pa Cornelius: una mpinzani mlangoni, na kanisa lililokuita askofu juzi leo linajifanya halikujui. Alilalamika. Cyprian akaandika kueleza: walioko Hadrumetum hawakuwa wamejua uamuzi wa pamoja, na sisi hatukukukana, tulikuwa tunatafuta uthibitisho ambao hakuna atakayeweza kuupinga, kwa kuwa eneo letu ni pana, majimbo jirani ya Numidia na Mauretania yamo, na mfarakano wa mji mmoja ungewavuruga walio mbali.

*Mbio za bahari.* Baadaye mwaka huo Roma walipata furaha: waungamadini waliokuwa upande wa Novatian walirudi kwa Cornelius. Cornelius aliandika saa ileile na kumtuma akoliti ashuke bandarini, akimwomba Cyprian ayafikishe maneno kwa makanisa mengine. Pia aliandika kuonya kwamba kundi jipya la Novatian limeanza safari. Onyo lilifika siku moja baada ya kundi lenyewe.

Mwaka 252 kosa lilijirudia kwa sura nyingine. Wapinzani wa Cyprian Karthago walimweka askofu wao, naye akaitwa Fortunatus (si yule mjumbe wa mwaka 251). Walikuwa wametamba kwamba maaskofu 25 watakuja kutoka Numidia. Waliokuja walikuwa watano, nao wenye hukumu juu yao. Kiongozi wa kundi, Felicissimus, akapanda chombo kwenda Roma. Akoliti aliyebeba maelezo ya Cyprian alicheleweshwa, kwa pepo mbaya na kwa kungoja barua nyingine zimalizike. Felicissimus na wenzake wakafika kwanza. Cornelius aliwafukuza mwanzoni, lakini walipotishia kuzisoma barua zao hadharani akayumba kidogo, akamwandikia Cyprian kwa wasiwasi. Jibu la Cyprian ni refu na lina hasira, na mwishoni linaomba lisomwe mbele ya makasisi na waumini wote wa Roma.

Orodha

Ndani ya jibu hilo Cyprian anakumbusha kitu alichokwisha kumpelekea Cornelius: majina ya maaskofu wa Afrika walio safi. Sababu anaitoa mwenyewe. Ni njia ya mkato ya kuondoa makosa: wewe na wenzako mjue mnamwandikia nani na barua ya nani mnapaswa kuipokea.

Tukiulizwa kitu kipi katika kisa hiki kilikuwa kipya, tutajibu ni hiki. Mwaka 250 Cyprian alikagua barua moja kwa mwandiko, karatasi na sahihi. Kazi ya namna hiyo haiwezekani kwa mamia ya miji. Orodha inaliondoa swali kwenye karatasi na kuliweka kwa mtu: kama jina halimo, hakuna haja ya kuuliza kama sahihi ni ya kweli. Na orodha ya Roma ikibadilishwa kwa orodha ya Afrika, kila msafiri mwenye barua ya utambulisho kutoka kwa mtu aliyemo anapata ushirika, chakula na mahali pa kulala katika mji asioujua. Mkristo wa leo anayehamia Dar es Salaam au Nairobi na barua ya mchungaji wake mfukoni anatumia kifaa hichohicho.

Matokeo

Kikao cha Karthago mwaka 251 kiliamua waliopata cheti bila kutoa sadaka warudishwe baada ya kila mmoja kuchunguzwa, na waliotoa sadaka wabaki katika toba hadi karibu na kifo. Roma, katika mkutano wa maaskofu 60, iliamua vivyo hivyo. Baadaye, mateso mapya yalipotishia, waraka wa Afrika wenye majina ya maaskofu 42 ulifungua mlango kwa waliotubu wote. Miji miwili ilitembea pamoja katika suala lililoweza kuipasua.

Mfarakano haukufa. Kanisa la Novatian liliendelea kwa karne kadhaa, na Karthago yenyewe kwa muda ilikuwa na maaskofu watatu wanaodai kiti kimoja. Lakini ushirika wa makanisa ulibaki imara kiasi cha kubeba hata fedha na watu. Mwaka 253 hivi, washambuliaji walipowateka Wakristo wa Numidia, Karthago ilichanga sesterce 100,000 (sesterce ni sarafu ya Kirumi) kuwakomboa. Fedha zilikwenda na orodha ya majina ya waliochanga, ili waombewe kwa majina.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni nakala. Uvumi hushindwa kwa hati nyingi za tarehe tofauti kuliko kwa hati moja ya kujitetea, na Cyprian alilielewa hilo mapema. Kumruhusu kila mgeni anakili kulikuwa na faida ya pili: nakala ikiwa katika miji 30, hakuna atakayeweza kuibadili yako bila kugunduliwa. Usiri ungewapa wapinzani nafasi ya kuleta toleo lao.

Kurudisha barua ya asili nako kulikuwa akili ya hali ya juu. Inawezekana kabisa Cyprian alijua ni ya Roma kweli, na alichotaka ni kuwapa nafasi ya kuikana bila aibu. Lakini hata kama ni hivyo, aliwafundisha kanuni: barua isiyo na jina haihesabiki. Majibu ya Roma yaliyofuata yana majina ya pande zote mbili na lugha iliyochongwa vizuri.

Hati za "pamoja na watu wake" zilianguka kwa sababu hiyohiyo iliyoiangusha barua isiyo na jina. Waungamadini walikuwa na heshima, hawakuwa na daftari. Hati isiyomtaja anayepokea haina mwisho wake, na mzigo wa kuhakiki unamwangukia kasisi aliye mlangoni, mbele ya watu 30 wenye hasira. Cyprian hakupinga neno la mfungwa, alidai majina. Hapo alikuwa sahihi, ingawa lugha yake kwa wafungwa wale mara nyingine ni ya mtu anayelinda cheo.

Uamuzi wa kungoja mwaka 251 umegombaniwa sana. Sisi tunaona ulikuwa wa lazima. Novatian alikuwa na jina zuri Afrika kuliko Cornelius. Bila mashahidi wa macho, nusu ya makanisa ingemfuata. Kosa lilikuwa kwingine. Cyprian anasema alimweleza kila aliyekuwa anasafiri kwa bahari msimamo wa kungoja, ili asiende kuyumbishwa huko. Aliwaeleza Hadrumetum. Aliyepaswa kuelezwa kwanza, Cornelius mwenyewe, aliujua uamuzi kwa kuona jina lake limeondolewa juu ya barua. Mistari mitano iliyobebwa na Caldonius, ikisema "tumesimamisha kwa muda, sababu ni hii, na mwisho wake ni wakirudi hawa", ingeepusha malalamiko yote. Cyprian, aliyechukia barua isiyo na jina la mwandishi, ndiye aliyeruhusu barua zisizo na jina la mwandikiwa.

Mbio za bahari zinaonyesha udhaifu ambao mfumo huu haukuupatia dawa. Anayetaka kuvunja hana wa kumngoja: anapanda chombo cha kwanza. Anayetaka kuhifadhi anakusanya sahihi, anangoja barua za wenzake zimalizike, anamtafuta mbebaji mwenye cheo. Uangalifu uleule unaoipa barua uzito ndio unaoichelewesha. Cornelius aliyeandika saa ileile na kumtuma akoliti bado alichelewa siku moja. Cyprian mwaka 252 alizembea, kwa kudhani orodha aliyokwisha kuipeleka ingetosha kumlinda. Orodha humsaidia mtu aliyetulia kuamua. Haimtulizi mtu anayepigiwa kelele sebuleni.

Tena chombo kilichojenga ndicho kilichobomoa. Novatian alitumia barua, wajumbe na vyeo vilevile. Antonianus, askofu wa Numidia, alimwandikia Cyprian akikubaliana naye, akaomba nakala ya barua yake ifike kwa Cornelius ili ajue wako pamoja. Kisha barua za Novatian zikamfikia, akaanza kusita, na Cyprian akalazimika kumwandikia waraka mrefu wa kumrudisha. Nakala ya makubaliano iliyo mikononi mwa Roma haikumzuia mwenyewe kuyumba.

Na orodha ilikuwa na pengo ambalo halikuonekana mwaka 252, kwa sababu wenye orodha mbili walikuwa marafiki. Lilionekana mwaka 256, Karthago na Roma zilipotofautiana juu ya ubatizo wa waliobatizwa na wazushi. Stephen alikuwa askofu wa Roma wa halali, Cyprian wa Karthago wa halali, na upande wa Cyprian zilihesabiwa kauli za maaskofu 87 kikaoni. Hakuna jina la kufuta. Kwa ushahidi wa barua ya Firmilian, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia (katika Uturuki ya leo), ambayo imehifadhiwa pamoja na za Cyprian, wajumbe wa Afrika walipofika Roma Stephen hakukubali kuonana nao, na akawaagiza waumini wasiwakaribishe nyumbani. Maaskofu wenye barua halali, zenye majina na sahihi zote, walinyimwa amani na ushirika, na pia paa la kulala chini yake.